Ungo wenye macho

Walianza na waya.
Mwezi wa tisa, vumbi la Rau kwenye mapazia na kwenye chai,
kunguru wawili, vifua vyeupe kama mashati ya karani,
walivuka bati letu asubuhi kutwa
na mali ya karakana ya Kundaeli:
nyaya za shaba, hanga iliyopinda, mswaki wa pinki.
Juu ya mgrevilea, kando ya geti,
wakajenga kitu ambacho ukikitazama kutoka uani
utadhani redio imepasuka.

Nikasema waacheni, ndege tu hao.
Si tumeambiwa tangu utoto, kunguru mwoga
huokoa ubawa wake?

Wiki ya tatu alinipiga kisogoni.
Sikumsikia. Nilisikia upepo,
kisha kidole cha chuma. Kilemba kikachanika,
vitunguu vya mtori vikabingirika hadi mferejini.
Mwenzake, juu ya waya wa umeme, alinikaripia
kwa lugha ambayo si Kichagga wala Kiswahili
lakini kila mzazi anaielewa.

Geti letu likawa mpaka.
Muuza maziwa aliacha chupa kwa jirani.
Kijana wa mita alisoma kwa kukisia.
Mbwa, ambaye kazi yake ni hiyo, akahamia jikoni.
Nilitoka na mwavuli jua likiwaka,
watu wakaniuliza kama kwetu inanyesha.
Hadi Ombeni wa jirani, miaka tisa,
alipochukua ungo wangu na kipande cha mkaa
akachora macho mawili makubwa, na nyusi.
"Bibi, hawampigi mtu anayewaangalia.
Uvae kisogoni."

Nikavaa. Mimi, mzee wa kanisa.
Kunguru akaja, akasita, akageuza shingo,
akatua ukutani akinichunguza
kama askari anayetilia shaka kitambulisho.

Sasa niseme lililokuwa ndani.
Chumba cha nyuma, pazia limeshushwa,
Aikande binti yangu, siku kumi na tisa tangu ajifungue,
mtoto wa kilo mbili na robo.
Kabla ya huyu wawili walitutoka
bila hata kupewa jina.
Hilo sikumwambia mtu wa mtaa.
Nilichofanya ni kusimama mlangoni.
Shangazi wa mume alitoka Machame na mkungu mzima:
nikapokea mkungu, nikamrudisha na mafua yake.
Mwinjilisti nilimwambia aombee uani,
Mungu anasikia kupitia dirishani.
Wifi mmoja aliyecheka kwa sauti
nilimtazama mpaka akakumbuka ana safari.
Akasema akivaa viatu:
"Afadhali yule wa mtini. Yule hupiga mara moja."

Kisha mafundi wa umeme, na msumeno wa injini.
Tawi linagusa nyaya, walisema, na karatasi wanayo.
Sikumbuki nilijibu nini.
Nakumbuka nilisimama chini ya shina,
ungo kichwani, macho mawili mbele, mawili nyuma,
na juu yangu wale wawili wakilia kwa zamu.
Wakaandika: kurudi Desemba.
Aliye mdogo aliondoka ameshika kofia.

Makinda yaliruka bila kuaga. Matatu.
Mvua za vuli zikaangusha nusu ya redio,
nikaokota waya, mswaki, na kijiko changu cha chai
nilichomsingizia msichana wa kazi.
Nilimwomba radhi. Alicheka, lakini si mara hiyo hiyo.

Mtoto ana jina sasa. Huvuta kilemba changu
pale pale nilipokishona.
Mlango uko wazi, mwinjilisti anakunywa chai sebuleni.
Ila nikifika getini shingo huingia mabegani yenyewe,
na nikipeta mchele, katikati ya punje
nyusi za Ombeni hupanda na kushuka,
macho ya mkaa yakiniuliza
ninakwenda wapi, na nimebeba nini.